Maji Yasiyo na Ng'ombe

Siku tulipoondoa matanga ya baba, wageni wakiwa wameanza kuaga na masufuria ya kuazima yakirudishwa kwa wenyewe, kaka yangu Masanja alinivuta mpaka nyuma ya zizi. Alitazama kwato za ng'ombe badala ya kunitazama mimi, akasema, "Kabula, safari ile ya chuo cha meli, wewe ndiye uliyesimama na baba pale mtoni. Baba alijua kwamba siwezi kuogelea?"

Nikamwomba anipe muda. Sikuhitaji muda wa kukumbuka, kwa sababu nakumbuka kila kitu. Nilihitaji muda wa kuogopa.

Tangu nimalize chuo kikuu na kurudi Bariadi kusubiri kazi ambayo haiji, nimekuwa bingwa wa kufikiri. Nafikiri kabla ya kutuma maombi, nafikiri baada ya kuyatuma, na nisipoitwa kwenye usaili nafikiri ni kwa nini nilidhani nitaitwa. Lakini hakuna jambo lililowahi kuninyima usingizi kama swali hili la Masanja. Nikimwambia kwamba baba hakujua, nitamwacha na mzigo alioubeba tangu ujana wake, kwamba alimdanganya mzee na kumpotezea tumaini lake la mwisho kwa safari ya bure. Nikimwambia kwamba baba alijua, nitamtua mzigo huo na kumtwisha mwingine, kwamba baba yake mzazi alimwona, akanyamaza, akampeleka hivyo hivyo kwenye kina cha ziwa. Nimeyageuza majibu yote mawili kama mtu anayegeuza mhogo uliooza akitafuta penye kulika.

Koti la baba la kaki lililetwa kwangu nilifue kabla halijapewa mrithi wake. Sijalifua. Linanuka petroli na mbegu za pamba, na chini ya harufu hizo mbili kuna ya tatu, ya manyoya ya kuku aliyetokwa na jasho, kama kuku hutokwa na jasho. Najua harufu ya kuku haiwezi kukaa kwenye koti miaka yote hiyo. Lakini nikilisogeza puani kuku namsikia, na gari nalisikia likikohoa, na mara nipo tena kwenye kiti cha mbele, miguu yangu haifiki chini.

Siku hizo Bariadi bado ilikuwa mkoa wa Shinyanga. Baba alikuwa amefanya kazi maisha yake yote ya utu uzima kwenye kinu cha ushirika cha kuchambulia pamba, kazi yake ikiwa kupanga madaraja. Mkulima alileta gunia, baba akazamisha mkono mpaka kiwikoni, akatoa pamba kidogo kutoka katikati, akaisugua kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, akasema neno moja: safi, au fifi. Safi ilikuwa nyeupe, kavu, isiyo na mchanga. Fifi ilikuwa ile yenye madoa, iliyolowa mvua, au iliyochumwa kivivu pamoja na majani yake. Bei zilikuwa tofauti, na wapo waliolia mbele yake, lakini hakuna aliyebishana. Watu walisema hata mama yake mzazi akileta fifi ataambiwa fifi. Ilikuwa kweli. Bibi alinisimulia mwenyewe, na alikuwa hajamsamehe.

Alikuwa na tabia moja ambayo sisi wa nyumbani tuliijua. Pamba ikiwa nzuri, aliisugua mara moja tu akaiachia. Ikiwa mbaya, vidole viliendelea kusugua, polepole, kimya, kama mtu anayeiombea ibadilike kabla hajalitamka lile neno.

Kisha soko huria likaja. Wanunuzi binafsi walifika na malori yao na mizani yao, wakanunua safi na fifi kwa bei moja, wakazishindilia kwenye gunia moja. Kinu cha ushirika kikafungwa, popo wakahamia. Baba na wenzake wakapunguzwa kazi, na mabaki ya ofisi yakagawanywa. Kuna aliyepata meza, kuna aliyepata mabati. Baba alipata pikapu kuukuu ya rangi ya maziwa, yenye tundu sakafuni kubwa kiasi cha kuona barabara ikipita. Majirani waliliita gari lile Mgonjwa. Asubuhi, wakipita mbele ya nyumba yetu, hawakuuliza habari za watoto.

"Mwangaluka, Bhabha! Mgonjwa ameamkaje?"

"Mwangaluka. Amelala vizuri," baba alijibu bila kutabasamu, "ila hajala."

Maana yake hakukuwa na petroli.

Masanja alikuwa amemaliza kidato cha nne na hakuchaguliwa kuendelea. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye kucheka kwa pua, na alikuwa na sifa moja iliyojulikana mpaka vijiji vya jirani: alijua maji. Mto wetu, kama mito mingi ya huku, ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na watoto huchezea mpira ndani yake. Lakini mvua ikinyesha sana huko utokako, mto huja ghafla na magogo na mizoga. Msimu mmoja mafuriko yaliwakuta ng'ombe wetu ng'ambo ya pili. Masanja aliwaswaga mpaka majini, akamshika mkia dume letu jekundu, akavuka nyuma yake, kichwa chake kikionekana na kupotea, mpaka wakatokea upande wetu wote wazima. Akina mama walipiga vigelegele. Kuanzia siku hiyo, ukitaja kuogelea kijijini kwetu umemtaja Masanja.

Hivyo ndivyo wachungaji wote wa kwetu wanavyovuka. Unashika mkia, unapiga miguu, ng'ombe anakwenda. Hata kwenye lambo la kunyweshea mifugo vijana waliogelea hivyo hivyo, wakishindana nani ng'ombe wake ana kasi. Hakuna aliyejiuliza ni nani hasa anayeogelea. Kwa nini ajiulize? Ng'ombe wapo kila siku.

Tangazo lilisomwa redioni. Chuo kimoja cha mambo ya meli, huko Mwanza kando ya ziwa, kilikaribisha vijana waje siku moja wakione, wahojiwe na kujaribiwa, na watakaofaa wasomeshwe bila ada. Awe amemaliza kidato cha nne. Awe na afya njema. Awe anajua kuogelea. Baba alizima redio kabla tangazo halijaisha, nadhani kwa kuogopa kwamba litafuata neno jingine la kuharibu.

"Pamba inasubiri mvua," alisema. "Ng'ombe anasubiri majani. Meli haisubiri kitu."

Mama alikuwa akikoroga uji. Alisema bila kugeuka, "Akipata, tumepata sote. Akikosa, tutazeeka naye hapa hapa."

Nilikuwa mtoto, lakini maneno hayo nilielewa. Shamba lilikuwa limeshagawanywa mara nyingi mno, kinu kimefungwa, na baba alikuwa ameanza kukaa kitako mchana, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Mlango uliobaki ulikuwa ni huo mmoja.

Mimi nilichukuliwa safarini kwa sababu mbili. Kwanza, breki ya mkono ya Mgonjwa ilikuwa imekufa, kwa hiyo alihitajika mtu mwepesi wa kuruka chini kila gari liliposimama na kuweka jiwe nyuma ya tairi. Pili, alikuwepo kuku. Kwetu huendi kwa mtu kumwomba mema mikono mitupu, na mama alikuwa amechagua tetea lake bora, jeupe, akalifunga miguu kwa kitambaa, lipelekwe kwa mkuu wa chuo. Shangazi alipinga. "Mtoto wa kike awe taniboi? Mtaambiwaje huko Mwanza?"

"Tutaambiwa tuna akili," baba alijibu. "Mayu, panda." Mayu ni mama kwa Kisukuma. Aliniita hivyo kwa sababu nilirithi jina la mama yake.

Majirani walitusukuma mpaka gari likawaka. Walikimbia nyuma yetu kidogo wakipiga makelele ya kututakia heri, na mmoja akapaza sauti, "Masanja, ukiwa nahodha usitusahau!" Masanja, aliyekaa nyuma kwenye bodi ili mimi na kuku tukae mbele, aliinua mkono kama kiongozi. Nilikuwa na matobolwa kwenye kifuko, viazi vilivyochemshwa na kukaushwa na mama, vigumu kama vipande vya kuni. Nilivinyonya njia nzima. Vumbi la Dutwa liliingia kwa lile tundu la sakafuni, likatupaka sote, na kuku akageuka rangi ya ngano.

Baba aliendesha kama alivyofanya kila kitu, wima, mikono miwili, akisikiliza. Karibu na Lamadi ziwa lilionekana kwa mara ya kwanza, mstari tu wa rangi ya bati kushoto... hapana, tulikuwa hatujakunja, lazima lilikuwa mbele yetu. Nimelifikiria hilo sana, na halina maana yoyote. Ninachokijua ni kwamba baba alipunguza mwendo, akalitazama, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma bei mpya, "Kumbe ni kubwa hivyo."

Tulipofika daraja la Mto Simiyu, upande wa Magu, Mgonjwa alianza kuchemka. Baba akaliegesha pembeni, nikaruka na jiwe langu. Ilikuwa kiangazi, mto ulikuwa mchanga na madimbwi marefu. Mbele kidogo kundi la ng'ombe lilikuwa likinywa maji, na akina mama walifua nguo. Baba alichota maji ya rejeta kwa kopo, kisha akamtazama Masanja alivyokuwa mweupe kwa vumbi kuanzia nyusi mpaka vidoleni.

"Utafika kwa wakubwa kama gunia la unga," alisema. "Shuka ujioshe. Na uogelee kidogo, mwili ukumbuke."

Masanja alivua shati. Alisimama ukingoni mwa dimbwi akiwatazama wale ng'ombe. Aliwatazama kwa muda mrefu, mpaka mchungaji wao akaanza kumwangalia kwa wasiwasi. Kisha akaingia, maji yakamfika kiunoni, akalala kifudifudi na kuanza kutupa mikono, huku na huku, akikata maji kwa kishindo. Akaenda mbele. Akina mama walisimama na nguo zao mikononi kumwangalia. Mimi nilifurahi hata nikampigia makofi, kuku kwapani.

Baba na mimi tulikuwa juu ya ukingo, na toka juu maji yale yalionekana mpaka chini. Ndiyo maana niliona. Nyuma ya Masanja palikuwa pakiinuka mawingu madogo ya mchanga, moja kushoto, moja kulia, moja kushoto. Mikono ilikuwa inaogelea. Magoti yalikuwa yanatembea.

"Baba," nilisema, "mbona anatembea?"

Baba alibaki ameyakazia macho maji. Nilimtazama mkono. Kidole gumba na kidole cha shahada vilikuwa vikisuguana, polepole, bila kitu katikati yake, na vikaendelea hivyo mpaka Masanja alipofika upande wa pili wa dimbwi, akainuka na kugeuka, maji yakimchuruzika, akingoja.

"Safi!" baba alimwita, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Kisha akaniambia mimi, kwa sauti ya chini, "Mayu, shika kuku."

Kuku nilikuwa nimemshika. Nikamshika zaidi.

Chuo kilikuwa cha majengo meupe yaliyoshuka mpaka majini, na bendera, na nyasi zilizokatwa kana kwamba kuna ng'ombe mwenye adabu anayezila kwa mstari. Vijana walikuwa wengi kuliko tulivyodhani. Wengi walitoka visiwani na pwani za ziwa, Ukerewe, Musoma, na walitembea pale kama watu walioko kwao. Waliitwa ndani mmoja mmoja kuhojiwa. Masanja alikaa humo muda mrefu, na alipotoka alikuwa anacheka kwa pua. Walimuuliza hesabu akazijibu. Walimuuliza upande wa jua na upande wa upepo akavijibu, kwa sababu mchungaji hujua vyote viwili. Baba alimshika bega. Kwa muda ule mfupi, naapa, alionekana kama alivyokuwa zamani, na mimi nikaanza kuamini kwamba labda yale ya mtoni niliyaona vibaya.

Kisha mkufunzi mmoja, mtu mfupi mwenye filimbi shingoni, akawaita wote kwenye gati. Kazi ilikuwa kuruka, kwenda mpaka kwenye boya jekundu, na kurudi. Wakati wakisubiri zamu, kijana mmoja wa Ukerewe alimtazama Masanja akamtania.

"We Msukuma wa Bariadi, huko kwenu mnaogelea kwenye vumbi?"

"Maji tunayo," Masanja alijibu. "Nimevuka mto umefurika, na ng'ombe."

"Uliwavusha, au walikuvusha?"

Wote wakacheka, hata Masanja. Alikuwa na ucheshi wa kutosha kuupokea utani. 

Wa Ukerewe akaruka, akaenda na kurudi kana kwamba ametumwa dukani. Wakaruka wengine. Jina la Masanja likaitwa. Alisogea mpaka mwisho wa saruji, akageuka na kumtazama baba. Angeweza kusema pale. Nimesimama mahali pale mara nyingi sana kichwani mwangu, na kila mara namwona akifungua mdomo kidogo. Na baba naye angeweza kusema. Angeweza kumwita kwa sababu yoyote, kwamba gari linavuja, kwamba mtoto anaumwa. Mimi ningejitolea kuumwa.

Baba alitikisa kichwa, ndiyo.

Masanja akaruka. Maji yakafunguka, yakajifunga. Kilichotokea kwanza kilikuwa mkono wake wa kulia, umenyooshwa mbele, vidole vikijikunja kushika kitu kilichotakiwa kuwepo pale. Vikakunja hewa. Vikazama. Vikatoka tena, vikakunja tena. Filimbi ikalia, vijana wawili wakajitupa, na mmoja wao alikuwa yule wa Ukerewe. Nilipomtafuta baba nilimwona ukingoni kabisa. Alikuwa amevua viatu, amevipanga pamoja, na alikuwa akikunja suruali yake mpaka magotini, kwa haraka na kwa uangalifu, kana kwamba ziwa lile lina kina cha magoti.

Walimlaza Masanja kwenye saruji akatapika maji. Mkufunzi alimjia baba.

"Mzee, kijana wako hajui kuogelea."

"Kwetu alivuka mto umefurika," baba alisema. "Kijiji kizima kilimwona."

"Alivuka na nini?"

 Ni Masanja aliyejibu, akiwa bado amelala. "Na dume," alisema.

Mkufunzi hakucheka. Ingekuwa nafuu kama angecheka. Aliniangalia mimi, akaangalia miguu mitupu ya baba, akasema majibu ya mahojiano yalikuwa mazuri sana, ila sheria ni sheria, na mwakani umri wa Masanja utakuwa umepita. Baba akamwambia wabeja, asante, kisha akanifanyia ishara. Nikamletea kuku.

"Huyu wa nini, mzee?"

"Wa kwako. Mama yao amekutumia."

"Lakini mzee, kijana hatujampokea."

"Kuku hakuja kufanya mtihani," baba alisema. Mkufunzi akampokea kwa mikono miwili, akasimama naye pale gatini, filimbi shingoni, hajui amweke wapi.

Njia ya kurudi, Masanja alikaa nyuma kwenye bodi kama mwanzo, ingawa sasa mbele kulikuwa na nafasi. Tulipopita Magu alisogea mpaka kwenye kidirisha, akagonga, akasema, "Baba, nisamehe."

"Gari linachemka," baba alisema.

Gari lilikuwa limeshazoea kuchemka. Mbele kidogo ya Dutwa likazima, na safari hii hakuna kusukuma kulikosaidia. Tulipewa hifadhi na watu wasiotufahamu, na kesho yake Masanja akaomba lifti ya lori mpaka nyumbani, akarudi na ng'ombe wa kulimia. Likafungwa minyororo, na Mgonjwa akaingia kijijini akivutwa na dume lile jekundu na wenzake watatu, baba ndani akishika usukani, wima, mikono miwili. Watoto walitukimbilia barabara nzima. "Baharia karudi na meli yake! Baharia! Baharia!" Mpaka leo hilo ndilo jina la Masanja, na watoto waliozaliwa baadaye wanamwita hivyo kwa heshima, hawajui lilikotoka.

Mama alikuwa mlangoni. Alitazama kwanza mikono yangu. Haikuwa na kuku. Akaelewa kwamba zawadi imepokelewa, na kwetu mtu akipokea zawadi yako amepokea na haja yako, akaangusha kopo na kuanza kupiga vigelegele. Majirani wawili wakaitikia. Baba aliteremka kwenye gari akamfuata mpaka mlangoni, akangoja apumue.

"Kuku ndiye aliyepata nafasi," alimwambia.

Mgonjwa hakuinuka tena. Aliliwa kidogo kidogo, tairi likaenda kwenye mkokoteni wa huyu, kiti kikaenda kwenye baraza la yule. Masanja alichunga ng'ombe wa watu, kisha akahamia Migato kulima pamba ambayo bei yake huijui mpaka uwe umeshaiuza. Baba alikuwa akienda msimu wa mauzo kusimama karibu na mizani za wanunuzi binafsi. Alizamisha mkono kwenye magunia ya watu, akatoa pamba kidogo, akaisugua. Hakuna aliyemuuliza kitu. Baadaye wakamwomba asiguse.

Kwa miaka mingi nilimhukumu kwa ile "safi" ya mtoni. Nilijiambia alimtoa mwanawe sadaka kwa aibu ya kurudi nyumbani mapema. Nilikuwa nasoma kwa bidii wakati huo, nikivutwa na shule kutoka darasa moja hadi jingine, nikidhani nafika kwa nguvu zangu, na hukumu kama hizo zilinijia kwa urahisi. Ni sasa tu, nikiwa na cheti changu ndani ya bahasha na sina mahali pa kukipeleka, ndipo ninapomwona vizuri mtu yule aliyesimama ukingoni. Alikuwa ameutumia uhai wake kuwaambia watu fifi usoni, na alizijua nyuso zinavyokuwa baada ya neno lile. Ushirika ulikuwa umemvuta tangu ujana, na ulipomponyoka alitazama chini akakuta hakuna mchanga. Alijua kabisa kinachomngoja Masanja. Hakujua kingine cha kumpa. Sidhani kama aliamini atafaulu. Nadhani hakuweza kuwa yeye wa kusema.

Hilo si jambo la kumfariji mtu. Nimelitafutia mlango wa faraja, sikuuona.

Juzi nilichukua pikipiki mpaka Migato. Njiani nilitayarisha namna ya kuanza, nikatayarisha na maneno ya kusema Masanja akikasirika, na mengine akilia, na mengine akinyamaza. Nilimkuta shambani peke yake, anang'oa masalia ya pamba na kuyarundika kwa kuchoma. Nilimwamkia. Aliendelea kung'oa. Sikuanza kama nilivyopanga.

"Kaka, alijua," nilisema. "Nilimwambia unatembea, na yeye alikuwa ameshaona."

Masanja alisimama na bua mkononi, mizizi yake ikidondosha udongo.

"Na mimi nilipoinuka upande wa pili nilijua kwamba siwezi," alisema. "Ndivyo nilivyokuwa nikifikiri miaka yote, kwamba nilijua peke yangu." Alilitupa bua kwenye rundo. "Kumbe tulikuwa watatu. Barabara yote ile, watatu, na hakuna aliyefungua mdomo."

Nilikuwa nimekuja na maneno kwa kila jibu nililoweza kulifikiria.  Nilivua viatu nikaingia kwenye mstari wa pili, nikaanza kung'oa.